Uzi: Binamu yangu wa Texas ataka darubini ya bunduki ya 6-24x50. Nimjibuje?

Lenzi_Kizingo

Asalaam aleikum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Swali langu si la kila siku hapa Mombasa, ndiyo maana nalileta humu. Kibarazani nitachekwa. Mimi ni fundi wa kamera na darubini, kijiduka changu kiko pande za Biashara Street. Kazi yangu kubwa ni kutoa kuvu ndani ya vioo, maana hewa yetu ya chumvi na joto ikishaingia kwenye lenzi haitoki kwa hiari. Vioo navijua. Bunduki sijashika hata ya mbao.

Sasa, mtoto wa ami yangu yuko Texas mwaka wa saba, afanya kazi kwenye ranchi. Huko wana nguruwe wa kufugwa waliotoroka zamani wakageuka wa mwituni, na wamezaana mpaka wamekuwa balaa. Wachimbua malisho usiku kucha, asubuhi ni kama trekta limepita. Mwenye shamba kamruhusu awapige. Kanunua AR-15 ya risasi za .223, nusu otomatiki, yaani yajipakia yenyewe lakini kila risasi sharti ufyatue. Ataka kuiwekea darubini ya kubadili ukuzaji, na jicho lake limeangukia 6-24x50. Kaniandikia: "Kaka, wewe ndiye mtu wa vioo, sema neno."

Kwa wasiojua nambari hizi: 6-24 ni kwamba yakuza kuanzia mara 6 hadi mara 24, na 50 ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita.

Kwa akili ya fundi naona amepita kiasi. Gawanya 50 kwa 24, wapata 2 na ushei. Hicho ndicho kipenyo, kwa milimita, cha kisahani cha nuru kinachotoka nyuma na kuingia jichoni. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 6 au 7. Ukiipa 2, picha yaingia giza wakati bado kuna nuru ya kutosha nje. Lakini nasema haya kama mtu wa kutazama meli, si mtu wa kulenga. Wenye ujuzi wa upande wa pili naomba mnisaidie.

TukTuk_Tudor

Texas, bunduki, nguruwe. Yakhe, kwani kazi zote za duniani zimekwisha? 😂

Lenzi_Kizingo

Hawali, awapiga tu. Waulize wakulima wa kando ya Shimba Hills nguruwe akiingia kwenye mahindi hubakisha nini, kisha urudi ucheke.

MwanaSheria_Ganjoni

Kabla ya darubini, swali moja: binamu yako yuko kule kwa karatasi gani? Sheria ya shirikisho ya Marekani yamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki silaha, isipokuwa wachache, kwa mfano mwenye leseni halali ya kuwinda. Mwenye ukaazi wa kudumu hana tatizo hilo. Nguruwe wenyewe hawana shida: tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya kuwapiga kwenye shamba la mtu binafsi, mradi mwenye shamba ameridhia. Lakini utaona mtego uliopo hapo: asiyehitaji leseni ya nguruwe aweza kuihitaji ili kuishika bunduki yenyewe.

Na wenzangu wa hapa msianze kuulizana bei. Kwetu uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1977, na hata bastola ya kujilinda hupati bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Huu ni uzi wa Texas.

Lenzi_Kizingo

Ana grini kadi. Ahsante wakili, hilo la mtego sikulijua.

Bamburi_Shabaha

Mimi hulenga shabaha Bamburi kwa bastola, kwa hivyo bunduki ndefu nazijua kwa kusoma zaidi kuliko kwa bega. Lakini 6-24 kwenye AR ya kupigia nguruwe ni kosa, na kosa liko kwenye ile 6, si kwenye 24.

Watu wakinunua hizi darubini hutazama nambari kubwa. Nambari ndogo ndiyo utakayoishi nayo. Kwa mara 6, upana unaouona kwenye mita 100 ni takriban mita 5 na nusu. Nguruwe akitoka kichakani mita 40 mbele yako, waona upana wa mita 2 na kidogo. Yaani waona manyoya. Hujui ni bega au ni kalio, na wenzake wanne wamekupita kushoto hujawaona.

Mimi ningemwambia 1-6x24. Ukiiweka kwenye 1 wafungua macho yote mawili, mbele yako pana kama huna kitu, na nukta nyekundu yawaka katikati. Ukitaka mbali, wazungusha mpaka 6.

BahariaMstaafu

Naunga mkono. Miaka ile maharamia wa Somalia walipochacha, 2011 na hapo karibu, meli zetu zilipandisha walinzi wenye silaha. Mmoja wao, Muingereza mtu mzima, alikuwa na hiyo 1-4, baadaye akaja na 1-6. Nilimuuliza mbona si kubwa zaidi, bahari pana yote hii? Akanipa nitazame ile 7x50 ya daraja la nahodha, akasema: hii ndiyo ya kutazama mbali, ile ya kwenye bunduki ni ya kuamua. Na meli ikiyumba, ukuzaji mkubwa wakutapisha tu.

Hata Marine Corps, wale askari wa majini wa Marekani, mwaka 2020 walichagua ya mtindo huo, Trijicon VCOG 1-8x28. Hawakuchagua 6-24.

Lenzi_Kizingo

Mzee, nakubaliana nawe nusu. Nusu nyingine nina shaka nayo, na ni ya kioo tena.

Askari hupigana saa zote. Nguruwe hatoki saa zote, hutoka jua likizama. Chukua hiyo 1-6x24 uiweke kwenye 6: 24 kwa 6 ni 4. Chukua 3-9x40 ya kawaida kabisa, ile ya babu, uiweke kwenye 6: 40 kwa 6 ni karibu 6.7. Magharibi ile, tofauti ya 4 na 6.7 ni tofauti ya kumwona mnyama na kuona kivuli. Sawa, waweza kushusha ile 1-6 hadi mara 4 ukapata 6 yako, lakini sasa wamtazama kwa 4.

Nawaona vijana mtandaoni wakizitamani hizi za 1-6 na 1-8 kwa sababu wanajeshi wanazo. Mwanajeshi ana sababu zake.

Bamburi_Shabaha

Fundi, kwa hesabu hiyo hata 6-24x50 ikiwa kwenye 6 yatoa zaidi ya 8. Mbona umeikataa?

Lenzi_Kizingo

Umenishika 😄 Kweli, kwenye 6 yang'aa vizuri tu. Ila sasa utakuwa umelipia ngazi za 7 hadi 24 ili uishi kwenye 6, ubebe zaidi ya nusu kilo ya kioo, na bado huwezi kushuka. Na mchana wa kiangazi cha Texas, kwenye 20 huko, joto la ardhini lachemka ndani ya picha. Nenda Mama Ngina saa saba mchana na darubini ya kukuza mara 30 utazame meli inayosubiri nje: yacheza kama imechorwa kwenye maji. Kile si kioo kibovu, ni hewa. Wateja huniletea darubini nzima kabisa wakidai imeharibika, kumbe waliitazamia adhuhuri.

TukTuk_Tudor

Mimi nilidhani ukilipa zaidi unaona zaidi. Kumbe unaona hewa.

MamaMahamri

Nimewasoma tangu juu, na kila mmoja ana hesabu yake. Lakini jamani, kuna aliyemuuliza huyo kijana nguruwe wake wako umbali gani? Mtu akija kwangu ataka sufuria, sianzi na ukubwa wa sufuria. Namuuliza wanaokula ni wangapi.

Lenzi_Kizingo

Mama, nimeona haya. Sikuuliza. Ngoja nimwandikie, au nimlete humu mwenyewe.

Bin_wa_Texas

Salaam kwenu. Mimi ndiye mwenye nguruwe. Mama shikamoo.

Leo nimepima kwa hatua. Kuna kilishio cha mahindi walichowekewa kulungu, na nguruwe huja kuokota yanayodondoka. Kutoka ninapokaa, kando ya tangi la maji, mpaka pale ni hatua 130. Kuna uwazi mwingine wa kama hatua 170, huko sijawahi kuwaona kwa uhakika. Na mara mbili wamenitokea kwenye njia ya ng'ombe, hatua 30 hivi, mimi na wao tukashtukiana.

Saa zenyewe ni baada ya maghrib kidogo na kabla ya alfajiri. Usiku wa manane pia wako lakini hapo sioni kitu, na darubini za kuona joto la mwili ni maelfu ya dola, sina.

Nilitaka 24 kwa sababu muuzaji alisema "utaihitaji tu siku moja."

MamaMahamri

Marhaba mwanangu. Siku moja hiyo ndiyo huuza vitu vingi.

Lenzi_Kizingo

Haya, sasa tuna kitu cha kushika. Hatua 130, nuru ya magharibi, na mara chache hatua 30. Mimi nasema 3-9x40, au kama mfuko waruhusu, zile za 2-10x42. Kwenye 3 wapata upana wa takriban mita 11 kwa mita 100, kwa hivyo hapo hatua 30 bado utamwona nguruwe mzima na mwenziwe. Kwenye 5 au 6 jioni, kisahani kinajaza jicho lako. Na ile ya 3-9x40 ya kampuni kama Leupold ina uzito wa gramu 350 hivi, sehemu ndogo tu ya uzito wa bunduki.

Alama ya kulengea chukua ile rahisi: msalaba mnene pembeni unaokuwa mwembamba katikati. Leupold waliitoa 1962 kwa jina la Duplex na karibu kila mtu akaiga. Jioni jicho lafuata ile minene mpaka katikati bila kutafuta.

Na iwe imejazwa naitrojeni na kuzibwa. Hilo kwangu ni la kwanza kabla ya yote. Ndani kukibaki hewa yenye unyevu, asubuhi ya baridi yote yageuka ukungu juu ya kioo, upande ambao kitambaa hakifiki. Hapa kwetu hugeuka kuvu, na kuvu hula ile rangi ya kuzuia mng'ao. Nimeshafungua darubini ya baba wa mtu, ya miaka 40, ndani kama utando wa buibui.

Bamburi_Shabaha

Bado nasema 1-6, kwa ajili ya zile hatua 30. Nguruwe mwenye hasira hatua 30 si mchezo.

Lakini nawe fundi umesahau jambo: alama iko mbele au nyuma? Kwenye darubini za kubadili ukuzaji, alama iliyowekwa mbele hukua pamoja na picha, kwa hivyo vijistari vya kukadiria kushuka kwa risasi ni sahihi kwenye ukuzaji wowote. Ya nyuma hubaki saizi ileile, na vijistari vyake ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa. Mimi ningelipia ya mbele.

BahariaMstaafu

Ya mbele kwenye mara 1 huwa nyembamba kama unywele, taa ikizimika huioni. Yule Muingereza alikuwa na ya nyuma na hakulalamika.

Bamburi_Shabaha

Muingereza hakuwa na nguruwe.

BahariaMstaafu

Alikuwa na maharamia!

Lenzi_Kizingo

Hilo mtamalizana wenyewe. Kwa hatua 130 na msalaba mtupu usio na vijistari halina uzito.

MzeeWaTsavo

Nimekuwa askari wa wanyama miaka mingi, sasa niko Changamwe nafuga kuku. Nataka kusema moja tu, na kijana wa Texas alisikie.

Darubini ya bunduki si ya kutazamia. Ukiona kitu kinasogea kichakani ukainua bunduki ili ujue ni nini, na kumbe ni mtu, basi umeshamwelekezea mtutu mtu. Nimewahi kumwona mwenzangu akifanya hivyo kwa mchungaji wa ng'ombe, magharibi kama hiyo mnayoizungumza. Hakufyatua. Lakini mimi niliyekuwa kando yake nililala macho wazi siku mbili. Nunua darubini ya mkono, 8x42, uivae shingoni. Jua kwanza ni nini, ndipo uinue bunduki.

Bin_wa_Texas

Nimesikia mzee. Kweli nimekuwa nikitazama kwa ile ya rafiki yangu, ya bunduki. Nitaacha.

Lenzi_Kizingo

8x42 yatoa kisahani cha zaidi ya 5. Mzee kachagua sawasawa bila hesabu.

Bin_wa_Texas

Ripoti: nimenunua 3-9x40, bomba la inchi moja. Pete za kuishikilia juu ya bunduki nimechukua zile fupi kama kaka alivyoniambia kwa simu, darubini ikae chini karibu na mtutu. Lakini nikilaza shavu kwenye kitako sioni kitu, naona duara nyeusi na mwezi mwembamba pembeni. Ili nione sharti niikandamize shingo mpaka iume. Tatizo ni kioo?

Bamburi_Shabaha

Si kioo, ni pete. Kitako cha AR kimenyooka sawa na mtutu, hakishuki chini kama cha bunduki za zamani za kuwindia. Shavu lako liko juu, kwa hivyo na darubini yapanda juu. Badala ya pete mbili tafuta kikalio cha kipande kimoja kinachoweka katikati ya bomba kama milimita 38 juu ya reli, ule ukanda wa juu ya bunduki wa kufungia darubini, na kiwe kimetokeza mbele, kwa sababu reli ya juu yaishia karibu nawe na darubini yataka kusogea mbele ili jicho lipate nafasi yake ya sentimita 9 au 10. Na usiweke mguu mmoja kwenye reli ya bunduki na mwingine kwenye reli ya mkono wa mbele, hizo ni sehemu mbili tofauti, zapindana.

Lenzi_Kizingo

Hilo la pete fupi ni kosa langu, wadau. Nilisoma "iwe chini iwezekanavyo" mahali, nikalipeleka Texas bila kujua laongelea bunduki gani. Binamu, samahani. Gharama ya pete nitakufidia kwa kahawa na kaimati ukija Idi.

Na skrubu za kikalio zikaze kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. Ukikaza kwa hasira bomba labonyea, na bomba likibonyea nobu ya ukuzaji hukwama. Nimeiona kwenye lenzi za kamera: kitu hakikuvunjika, kimebanwa tu.

MamaMahamri

Kaimati wallahi zamfidia mtu yeyote.

Bin_wa_Texas

Kikalio kipya kimefika, shingo imepona. Jana nimeenda uwanjani kuiweka ziro kwenye yadi 50, yaani risasi ipige palepale ninapolenga. Risasi tatu za kwanza zote zilikaa pamoja, kama sentimita 8 kulia. Boksi lasema tiki moja ya nobu ya kurekebishia ni robo inchi, nikapiga hesabu, nikazungusha tiki 12. Zikasogea nusu tu! Nimezungusha tena 12 zikaingia. Nobu yangu ni mbovu?

Bamburi_Shabaha

Nobu yako ni nzima. Ile robo inchi ni kwenye yadi 100. Ni pembe, si urefu, kwa hivyo ukikaribia nusu ya njia, kila tiki yasogeza nusu. Kwenye 50 ni kama milimita 3 tu kwa tiki. Kila mtu hulipia somo hilo kwa risasi tatu.

Ziro ya 50 ni nzuri kwa kazi yako. Risasi nyepesi ya .223 hurudi kwenye mstari wa jicho karibu yadi 200, na katikati hapo haipandi zaidi ya sentimita 5 hivi. Hatua zako 130 walenga palepale unapotaka. Ila kwenye hatua 20 itapiga chini kidogo, maana darubini yako sasa iko sentimita 6 na ushei juu ya mtutu.

BahariaMstaafu

Binamu, ile darubini ya 6-24 uliyokuwa uinunue, kwa nini usitununulie moja ututumie huku kama zawadi, pamoja na hizo pete fupi? Nitaiweka ukutani.

MwanaSheria_Ganjoni

Baharia, acha. Darubini za bunduki hazitoki Marekani bila kibali cha serikali yao, hata kwa posta, hata kwenye begi la shangazi. Na ukiipokea huku utaelezea nini? Ukutani weka picha ya meli.

BahariaMstaafu

Sawa wakili. Fundi, basi nina 7x50 yangu ya zamani, jicho la kushoto laona kama lina maziwa.

Lenzi_Kizingo

Hiyo ni kuvu, mzee wangu. Ilete, lakini usiitie kwenye mfuko wa ngozi, ngozi hunyonya unyevu na kuulisha. Ifunge kwa kitambaa kikavu. Ijumaa nafungua baada ya saa nane.

Bin_wa_Texas

Nimekaa jana tangu maghrib kando ya tangi, 8x42 shingoni kama mzee alivyosema. Nguruwe hawakuja hata mmoja. Walikuja kulungu wawili kwenye kilishio. Jua lilikuwa limezama dakika 25 hivi, kwa macho matupu naona madoa tu. Nikainua ile ya mkono, nikaona masikio yao yakigeukageuka, na mmoja alikuwa na punje ya mahindi mdomoni. Bunduki ilibaki ukutani pa tangi, sikuigusa. Nikarudi nyumbani.

TukTuk_Tudor

Nguruwe wamesoma uzi.

MzeeWaTsavo

Kesho kaa upande ambao upepo hautoki kwako kwenda kwao. Nguruwe haoni sana, hunusa.